Kilo, Ampea na Saa za Geti: Hamburg hadi Dubrovnik kwa Gari-Nyumba

Anayepanga safari ndefu ya Ulaya kwa gari-nyumba hukimbilia ramani. Afadhali aanze na kadi ya gari. Kwenye kadi za Ujerumani kuna vifungu viwili vya kutazama: F.2, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa, na G, uzito wa gari likiwa tayari kuondoka. Gari tulilokodi Hamburg kwa watu wanne lilikuwa na F.2 ya kilo 3,500 na G ya kilo 3,020. Zinabaki 480, na mtu huziona nyingi mpaka ashike kalamu. Dereva wa kilo 75 na mafuta ya asilimia 90 ya tangi vimeshahesabiwa ndani ya G. Abiria watatu bado: 190. Mtungi wa pili wa gesi, chuma chake na gesi yake, kama 23. Meza, viti na mikeka, 35. Nguo na matandiko, 70. Vyombo na chakula, 70. Jumla 388. Zimebaki 92, na tangi la maji safi ni la lita 100. Lita moja ya maji ni kilo moja.

Ndiyo maana wazoefu hutembea na lita 20 hivi, za kunawa na kuvuta choo njiani, kisha hujaza tangi wakishafika kambini. Baiskeli na rafu yake zibaki nyumbani. Turubai la pembeni na kiyoyozi vilivyofungwa baadaye mara nyingi havimo kwenye G, kwa hiyo usiiamini karatasi peke yake: pakia gari kama mnaondoka, peleka mizani ya wauza kokoto au kituo cha ukaguzi, lipa euro chache upate karatasi. Polisi wa Austria hupima magari-nyumba barabarani, na ukikutwa umezidisha sana hulipi faini tu, unazuiwa kuendelea mpaka upunguze mzigo. Ni mizani ya Vigwaza ile ile, ila hapa cha kushusha ni begi la mtoto na gunia la mchele. Na leseni ya daraja B inaishia kilo 3,500. Gari zito zaidi ya hapo linataka C1.

Gharama niziseme mapema, kwa kuwa wengi hudhani kambi ni njia ya maskini. Kodi ya gari la watu wanne mwezi Septemba huwa euro 100 hadi 130 kwa siku, na Julai inapanda mno. Linakula lita 10 hadi 12 za dizeli kwa kilomita 100, na mzunguko huu wote, kwenda na kurudi, ni takriban kilomita 4,000. Kambi tulilipa kati ya euro 30 na 55 kwa usiku pamoja na umeme. Julai na Agosti kiwanja hicho hicho pwani ya Croatia hupita 80 kirahisi. Juu ya hapo kuna dhamana, euro 1,000 hadi 1,500, zinazofungiwa kwenye kadi ya benki, na kampuni nyingi hazikubali kadi ya debiti. Kama mko wawili tu, gari dogo na nyumba za wageni ni nafuu zaidi. Gari-nyumba linaanza kulipa mkiwa wanne mnaojipikia.

Siku ya kukabidhiwa gari, tenga saa mbili. Piga picha kila ubavu, kioo cha mbele, rimu zote, na omba ngazi uone paa, maana mikwaruzo ya matawi huwa juu na ndiyo inayokatwa kwenye dhamana. Soma kibandiko cha upepo wa matairi: magari haya hutaka bar 4.5 hadi 5.5, na pampu za baadhi ya vituo vya mafuta hazifiki huko, kwa hiyo hakikisha kabla hujatoka. Andika urefu wa kwenda juu na upana kwenye karatasi, gundisha mbele ya usukani. Letu lilikuwa mita 2.95. Ramani ya simu iliyowekwa kwa gari dogo itakupeleka chini ya daraja la mita 2.70 bila kupepesa macho.

Kwa ndugu wanaotoka Dar au Mombasa kujiunga na safari, mambo ni matatu. Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu, na kwenye uthibitisho wa malazi, weka nafasi kwenye kambi zinazotuma barua pepe yenye majina ya wasafiri wote. Anayetaka kushika usukani aje na leseni yake halisi pamoja na ile ya kimataifa. Ya kimataifa peke yake haina nguvu. Aliyeshahamia Ujerumani anatumia leseni ya nyumbani miezi sita tu. La tatu ni mizigo: nyama kavu, samli na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa uwanja wa ndege. Samaki mnaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wanapita. Wafungeni mara mbili tatu, kwa sababu gari-nyumba likishika harufu ya dagaa halitoki, na kampuni inatoza usafi.

Sisi tuliozoea kushika kushoto, hatari haipo kwenye barabara kuu. Huko magari ya wengine yanakuongoza. Kosa hutokea asubuhi, unapotoka kambini au kituo cha mafuta, njia iko tupu, mkono unakwenda wenyewe upande wa kushoto. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapotoka getini, hata kama inachosha. Mitaa ya Ujerumani isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Na foleni ikisimama kwenye barabara kuu ya Ujerumani au Austria, walio njia ya kushoto kabisa wabane kushoto, wengine wote wabane kulia, katikati ibaki njia ya ambulensi. Fanya hivyo foleni inapoanza kupungua mwendo. Ikishasimama, gari la mita saba haligeuziki. Faini yake Ujerumani inaanzia euro 200.

Hamburg hadi München ni kilomita 780 hivi, na hapo ndipo ratiba nyingi hufia. Ramani inasema saa nane. Ukweli wa gari-nyumba ni wastani wa kilomita 80 kwa saa ukihesabu vituo, choo na ujenzi wa barabara. Gawanya mara mbili. Kwa siku, kilomita 300 hadi 400 zinatosha, na lengo liwe kufika kabla ya saa kumi alasiri. Si uvivu, kambi zina geti. Kambi nyingi za Ujerumani na Austria hufunga geti kati ya saa saba na saa tisa mchana kwa mapumziko, na tena saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Ukifika saa nne na dakika kumi utalala nje ya geti, kama wana sehemu hiyo. Kulala usiku mmoja kwenye maegesho ili dereva apumzike kunaruhusiwa Ujerumani, lakini maegesho ya barabara kuu ni mahali pa kelele za malori ya friji na wizi wa usiku. Croatia hairuhusiwi kabisa kulala nje ya kambi, na wanatoza faini.

Mkifika, msikimbilie kiwanja cha kwanza. Acheni gari mapokezi, nendeni kwa miguu. Tazama vitu vinne: umbali wa sanduku la umeme, matawi ya chini, mteremko, na udongo. Magari mengi ya aina hii yanavutwa na magurudumu ya mbele, na mzigo wote uko nyuma. Kwenye nyasi zilizolowa yatachimba shimo hapo hapo. Ingia kwa nyuma ili siku ya kuondoka utoke ukitazama mbele. Anayeongoza asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo, na ishara ya "simama" ikubaliwe nyumbani. Ugomvi mwingi wa safari hizi huzaliwa kwenye dakika hizo tano, mbele ya wazee wa Kidachi waliokaa kwenye viti vyao wakitazama. Mkishaingia, weka kabari chini ya magurudumu mpaka gari likae sawa. Si kwa ajili ya usingizi tu: friji ya gesi ikiinama sana haipozi.

Umeme ndio huwashangaza wageni. Plagi ya kambi ni ile ya buluu ya matundu matatu, na waya uwe wa mpira, nyuzi tatu za milimita 2.5 za mraba, usiozidi mita 25. Ukiwa kwenye gurudumu lake ukunjue wote hata kama sanduku liko mita tano, maana waya uliokunjwa hupata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Chomeka kwenye gari kwanza, halafu kwenye sanduku. Kisha uliza ampea. Ampea 6 mara volti 230 ni wati 1,380. Birika la nyumbani ni wati 2,000. Ukiliwasha, breka inakatika, na sanduku likiwa limefungwa kwa kufuli unamsubiri mwenye zamu. Nunua birika la wati 900 au chemsha kwa gesi. Kwenye baadhi ya kambi za zamani za Italia utapewa ampea 3, wati 690: friji, taa na simu, basi. Beba pia adapta ya kutoka plagi ya buluu kwenda soketi ya kawaida ya nchi.

Gesi ina mtego mwingine. Mtungi wa kijivu wa kilo 11 wa Ujerumani haubadilishwi Slovenia wala Croatia wala Italia. Kila nchi ina mitungi na koki zake. Ondoka na miwili iliyojaa. Mmoja hutosha kupikia na kuchemshia maji ya kuoga wiki mbili hadi tatu, lakini hita ikiwaka usiku kucha milimani, hesabu hiyo inavunjika ndani ya siku chache. Kuhusu ugali: meko haya yana vishikio vyembamba na sufuria hukaa kama juu ya vidole. Tumia sufuria pana yenye mpini mmoja mrefu, unga wa watu wawili kwa mkupuo, mtu wa pili ashike mpini kwa kitambaa wakati unasonga, na dirisha la paa liwe wazi. Mvuke wa ugali mmoja hulowesha kuta zote, usiku unadondoka kwenye magodoro. Matundu ya hewa ya sakafuni na paani yasizibwe kamwe hata kama kuna baridi; moto wa gesi ndani ya chumba kilichozibwa huua watu wamelala.

Sasa choo. Kuna kaseti ya lita 17 hadi 20 unayoivuta kutoka mlango mdogo wa nje. Kwa watu wanne hiyo ni siku moja na nusu, mbili mkitumia vyoo vya kambi mchana. Kwanza hakikisha kifuniko cha ndani kimefungwa, la sivyo kaseti haitoki, na anayeilazimisha huvunja reli yake. Ibebe ikiwa wima. Pale kwenye sinki la kumwagia, zungusha mdomo wa kaseti utazame nje, ondoa kifuniko, uinamishe mpaka mdomo uelekee chini, ndipo ubonyeze kitufe cha hewa kwa kidole gumba na ukishikilie. Asiyebonyeza, mzigo unatoka kwa kurukaruka na kumrudia miguuni. Anayebonyeza kabla hajainamisha, kitufe kinamrushia mkononi. Suuza mara mbili kwa bomba la hapo, si bomba la maji ya kunywa, weka maji kama lita mbili na dawa kipimo chake. Mpira wa maji safi na wa kusuuzia viwe viwili tofauti, rangi tofauti, visigusane hata kwenye sanduku la mizigo. Na kwa waliozoea kutawadha: vyoo vya kambi vina karatasi tu, hivyo kopo lenye mkono ni mali ya kwanza kufungashwa.

Kutoka München unaingia Austria, na hapo vinyeti, yaani vibali vya kulipia barabara kuu kwa siku kadhaa, zinaanza. Ya siku 10 ilikuwa euro 12.40 mwaka 2025, inanunuliwa mtandaoni kwa namba ya gari. Haijumuishi handaki za Tauern na Karawanken, wala barabara ya mlimani ya Brenner. Hizo hulipwa mbali. Kwa safari ya wiki tatu, siku 10 zitakuwa zimekwisha utakaporudi kupitia Innsbruck, kwa hiyo nunua mbili zenye tarehe tofauti. Ya Slovenia, ya siku 7, iliyokuwa euro 16 mwaka 2025, lazima uwe nayo kabla hujatokeza upande wa pili wa Karawanken, kwa sababu barabara kuu inaanzia pale pale mlangoni. Faini ni euro 300 hadi 800. Ukiandika namba ya gari, soma O na sifuri mara mbili. Taa za mbele Slovenia huwashwa mchana kutwa. Mafuta Austria, tulipopita, vituo viliruhusiwa kupandisha bei mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Jaza saa tano, nje ya barabara kuu.

Pasi zikae karibu. Schengen ni neno, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na Slovenia ilikuwa imeshaurudisha upande wa Croatia tangu Oktoba 2023. Mwenye kibali cha ukaazi achukue kadi na pasi, vyote viwili.

Bled ni pahali pa kupumzika siku mbili. Kambi iko ncha ya magharibi ya ziwa na mnatembea kwa miguu kulizunguka. Baada ya Zagreb kuna ushuru wa tiketi: unachukua getini, unalipa unapotoka, na gari linalozidi mita 1.90 kwenda juu linalipa kiwango cha juu kuliko gari dogo.

Halafu kuna bura. Ni upepo unaoporomoka kutoka milima ya Velebit kuelekea baharini, mbingu ikiwa safi kabisa, jua linawaka, na ndiyo maana wageni hawauogopi. Kipande cha barabara kuu ya A1 kati ya handaki la Sveti Rok na Posedarje, penye daraja la Maslenica, hufungwa kwa magari-nyumba na yenye tela, wakati mwingine kwa magari yote. Angalia taarifa za HAK, chama cha magari cha Croatia, asubuhi kabla ya kuondoka. Wakisema pamefungwa kwa aina yako, subiri kambini. Kambini penyewe kunja turubai la pembeni kila usiku hata kukiwa shwari. Likipinduliwa na upepo hung'oa ubavu wa gari, na bima ya kukodi kwa kawaida hailigusi.

Stobreč, mashariki ya Split, ina kambi ufukweni na basi la kwenda mjini. Acha gari hapo. Kuingiza mita saba kwenye Split ni kujitafutia balaa. Kwenda Dubrovnik kwa barabara, zamani ilikuwa lazima kukatisha Neum, ardhi ya Bosnia. Tangu tarehe 26 Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, mita 2,404, halilipiwi, na safari nzima inabaki Croatia. Fuata vibao vya Pelješac. Ramani ya simu hupenda kukurudisha Neum kwa kuwa ni karibu zaidi, na huko mwenye viza ya kuingia Schengen mara moja yuko hatarini kukwama.

Kurudi tulipanda feri ya usiku Split hadi Ancona, kama saa 11. Kwa fedha haiokoi chochote ukilinganisha na kuzunguka kwa barabara. Unachonunua ni dereva kulala. Pima urefu wa gari pamoja na kilicho nyuma, maana bandarini wanapima. Funga koki za mitungi, zima kengele ya wizi, na mshuke na begi la usiku na dawa zote, sababu sitaha ya magari hufungwa mpaka mnafika. Friji itakuwa imezimwa. Nyama iliwe kabla.

Italia kaa nje ya katikati ya miji. Maeneo ya ZTL, yaani yasiyoruhusu magari bila kibali, yana duara jekundu na kamera, hakuna geti wala mtu wa kukuzuia, na kila kupita ni faini yake. Kwa Venice, kambi ya Fusina iko ng'ambo ya maji, na boti huwapeleka mpaka Zattere. Kwenye ushuru wa barabara usiingie njia ya rangi ya njano ya Telepass, ya wenye kifaa cha kulipia kielektroniki. Ukiingia kwa bahati mbaya usirudi nyuma, bonyeza kitufe cha msaada.

Kushuka Brenner, mita 1,370, weka gia ya chini kabla mteremko haujaanza na uache injini ishike gari. Harufu ya breki ikija, simama ubavuni nusu saa, usimwagie maji.

Gari linarudishwa kaseti ikiwa tupu, tangi la maji machafu tupu, ndani kumefagiliwa, dizeli imejaa na risiti ya kituo cha karibu mkononi. Kaseti ikiachwa na kitu, utatozwa zaidi ya euro 100. Dhamana huchukua wiki kadhaa kurudi. Na kwa anayeishi nje ya Italia, faini inaweza kuletwa ndani ya siku 360, halafu kampuni ya kukodi inaongeza ada yake ya kupitisha jina lako. Tiketi, risiti na picha za siku ya makabidhiano zitunzwe mwaka mzima.